Kikombe Juu ya Shoka

Kila asubuhi, kabla hajasema neno na mtu, Leonie Braddock alijaza chai kikombe hadi ukingoni, akakiweka juu ya ubapa wa shoka, akanyoosha mkono na kuhesabu hadi kumi na tano. Chai isipomwagika, aliinywa. Alianza akiwa na miaka kumi na mitatu na hakuacha, hata asubuhi ya harusi yake, hata asubuhi ya kwanza baada ya kutoka hospitali na mtoto mchanga, mshono bado mbichi tumboni, mume wake akimtazama kutoka mlangoni. Utotoni Coralie, mdogo wake, alilala naye chumba kimoja. Alizoea kufumba macho na kuisikiliza hesabu ile kama watoto wengine wanavyosikiliza sala.

Shoka lilikuwa la baba yao.

Des Braddock alikuwa mkata magogo wa mashindano, kule kwenye vilima vya udongo mwekundu nyuma ya Wynyard, kaskazini mwa Tasmania, ambako shoka la mtu hujulikana kabla ya sura yake. Katika mashindano yale mhesabu hupaza sauti, moja, mbili, tatu, na kila mkataji huanza namba yake inapotajwa. Mwanagenzi huanza kwenye tatu; aliye hodari hungojeshwa zaidi. Des alisimama juu ya gogo lake, miguu kaipanua, shoka mkononi, akingoja hadi ishirini na tatu huku vibanzi vya wenzake vikiruka pande zote, na bado alimaliza wa kwanza. Watu walimpenda kwa kule kungoja.

Kisha akaanza kushindwa kungoja. Uwanjani aliruka namba. Nyumbani alirusha sahani. Siku moja shoka lilimteleza, likapasua soksi ya chuma wanayovaa wakataji na kumkata vidole viwili vya mguu mbele ya umati. Des hakusimama. Aliendelea kukata, kila pigo likirusha vibanzi vyekundu hadi kwenye viti vya mbele, mpaka gogo likaachana. Watu walisema ni bia. Beryl, mke wake, naye alisema ni bia, ingawa yeye ndiye aliyejua kwamba bia haikuingia nyumba ile tangu Pasaka.

Halafu ikaja siku ya meza. Ilikuwa Jumapili mchana, paja la kondoo limeshaokwa. Beryl alimwambia mumewe, kwa upole tu, ashike uma vizuri. Des aliinuka, akatoka, akarudi na shoka, akaipasua meza katikati pamoja na nyama iliyokuwa juu yake. Pigo la pili lilimkuta Beryl mkono umeshika bakuli la viazi. Coralie alikuwa na miaka tisa. Aliuona mfupa wa mama yake, mweupe kuliko alivyodhani mfupa ungekuwa, kabla damu haijaufunika.

Pale mlangoni palikuwa na mpini mpya wa shoka umeegemezwa. Leonie aliuchukua, akampiga baba yake goti. Alipoanguka akampiga bega. Akampiga tena, na shoka lilikuwa limeshamtoka mkononi.

"Inatosha, Lee!" Coralie alilia chini ya kiti.

"Haijatosha," Leonie alisema, akapiga la nne.

Hospitalini daktari alimfunga Des bega, akamtazama anavyotikisika kichwa na vidole, akauliza habari za mama yake. Ndipo yakatoka ya bibi Ivy, aliyekuwa akitembea kama anayecheza ngoma, na ambaye alifia kwenye nyumba ya wendawazimu bila mtu wa ukoo kumtaja tena. Daktari akautaja ugonjwa: Huntington. Ni wa kurithi, alisema. Humngoja mtu hadi awe mtu mzima, kisha huanza kumla ubongo polepole, subira kwanza, viungo baadaye, maneno mwisho. Dawa hauna. Kila mtoto wa mgonjwa ni nusu kwa nusu, sarafu iliyorushwa hewani.

Kesho yake asubuhi Leonie alilifuta shoka damu ya mama yake, akajaza kikombe.

*

Daktari alisema kila mtoto ana sarafu yake, lakini kina Braddock walikuwa na hesabu yao wenyewe, ya zamani kuliko daktari. Kila nyumba hutoa mmoja. Akishatolewa huyo, wengine wamepona. Shangazi Merle, dada yake Des, alipokuja na keki alimshika Leonie kidevu, akamgeuza uso dirishani kama anayekagua farasi.

"Des kabisa," alisema. "Taya lake, hasira zake. Masikini." Kisha akampapasa Coralie kichwani. "Wewe ni wa upande wa mama yako. Wewe umepona, mwanangu. Kula keki."

Coralie aliila ile keki. Miaka mingi baadaye aliikumbuka bado, ya nazi na jamu, na alivyoona haya kwa utamu wake.

Leonie akawa mkataji. Wanawake walipopewa shindano lao kwenye maonyesho ya kilimo, alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Namba yake ikapanda hadi kumi na tano na ikakaa hapo. Coralie alikwenda chuo, akarudi kufundisha, na alipofika miaka ishirini na minne alikwenda Hobart peke yake kupimwa damu. Alirudi na jibu, akamkuta dada yake bandani, amepanda juu ya gogo.

"Lee, nina habari. Nimepimwa. Sina."

Leonie aliliweka shoka chini taratibu. Alishuka, akamfuata, akampiga ngumi ya mdomo. Coralie alianguka chali juu ya vibanzi, mdomo umejaa damu.

"Nani alikutuma?"

"Mtu hatumwi kwenda kupimwa damu yake!"

"Umejitoa ukaniachia mimi. Nyumba hii ilikuwa na sarafu mbili hewani. Sasa imebaki moja, na unajua vizuri itaangukia wapi."

"Huo ni upuuzi wa shangazi Merle. Sarafu yako haijui yangu imeangukaje."

"Wewe ndiye msomi. Unajua sarafu zinajua nini." Leonie alisimama anahema. Kisha akachuchumaa, akamfuta mdogo wake mdomo kwa mkono wa shati lake. "Jino limebaki?"

"Limelegea."

"Usiliguse na ulimi. Na habari za damu usiniletee tena maisha yako yote. Yangu sitaki kuijua. Umesikia?"

Coralie alisikia. Jino lilishika, ila kidogo upande, na ndivyo lilivyo hadi leo.

*

Aliyemwoa Leonie alikuwa Grant Fehlberg, mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache ambaye alimwambia tangu mwanzo kwamba watoto si lazima. Kwa Leonie ilikuwa lazima. Alitaka mtoto, na alitaka mtoto yule asiurithi ugonjwa, na wakati huohuo hakutaka mtu yeyote amwambie kama yeye mwenyewe anao. Coralie alidhani mambo hayo matatu hayawezi kukaa chumba kimoja. Kumbe kliniki moja ya Melbourne, ng'ambo ya mlango wa bahari, walikuwa wamewatafutia chumba.

Dada wawili walikwenda pamoja, Grant amebaki na viazi. Mshauri wa kliniki, mwanamama mwenye sauti ya chini, alieleza: mayai ya Leonie yatatolewa, yatarutubishwa nje ya mwili, na kila kiinitete kitapimwa. Kitakachopandikizwa ni kile kisicho na ugonjwa. Leonie hataambiwa vilipatikana vingapi vyenye ugonjwa, wala kama kilipatikana hata kimoja.

"Kwa hiyo nyie mtajua, mimi sitajua."

"Ndiyo."

"Mtanitazama hivi machoni na kunyamaza."

"Ndiyo kazi yetu."

"Lazima nyie ni hatari kwenye karata," Leonie alisema. Mshauri alicheka, akaacha alipoona mwenzake hacheki. "Na vile vibovu?"

"Vyenye ugonjwa havihifadhiwi."

"Mnavitupa."

"Havihifadhiwi," mshauri alirudia.

Waliporudi Leonie alikataa kwenda nyumbani kwanza. Alitaka kupitia makao ya wagonjwa kule Burnie, alikokuwa Des. "Sitaki kulifanya jambo hili nyuma ya mgongo wake," alisema. Coralie alimwambia mzee haelewi tena. "Basi nikimwambia haitamdhuru."

Wakati huo Des alikuwa mifupa inayorukaruka ndani ya kiti kilichofunikwa magodoro. Beryl alikuwepo, kama alivyokuwa kila siku, akimlisha viazi vya kupondwa kwa mkono wake mzuri. Ule mwingine haukukunja vidole tangu siku ya meza. Leonie alipiga magoti mbele ya baba yake, akamweleza yote kwa maneno mafupi: mayai, kupima, kuchagua.

Des alimsikiliza. Mdomo wake ulihangaika muda mrefu, povu likimtoka pembeni, hadi neno likapatikana.

"Wange… ni… tupa."

Mkono ukamtoka. Ulimgonga Leonie puani kwa kifundo, na wote mle ndani walisikia pua ilivyolia. Damu ikamwagika kwenye sahani ya viazi.

"Hakukusudia!" Beryl alisema, kijiko kimeganda hewani. "Ni mikono tu, mwanangu. Mikono yake haina mwenyewe."

"Amekusudia, mama. Mwache. Ni haki yake." Leonie aliachia damu itiririke, akamkazia baba yake macho. "Ndiyo, baba. Wangekutupa. Na mimi nisingepatikana."

"Na mimi ningeolewa na nani?" Beryl alisema, akitafuta kitambaa. "Na Ron wa duka la mbolea?"

Des alitoa mlio. Coralie hakuweza kujua kama ni kicheko. Beryl alimfuta binti yake pua, kisha akaifuta ile sahani, na akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa: "Ningekuwa mama yake nisingemtupa. Wala nisingemzaa."

Des alikufa mwaka uliofuata, wiki mbili kabla ya mjukuu wake kuzaliwa. Mjukuu aliitwa Tamsin. Alikuwa na uso wa kina Fehlberg na mguu mrefu wa kina Braddock, na ndani yake, kwa ahadi ya watu waliojua kunyamaza, hapakuwa na ugonjwa.

Siku Coralie alipokuja kumwona mtoto, Leonie alimshika kiwiko, akakiminya hadi akaumia.

"Wewe una macho. Siku ukiona nimeanza, usiniambie. Usifungue mdomo kabisa. Njoo umchukue mtoto uondoke naye. Nitaelewa."

"Na ukikataa?"

"Nikikataa ndipo ujue umeona sawa."

*

Tamsin alikuwa na miaka minane, na ilikuwa siku ya maonyesho ya Oktoba. Coralie alisimama kwenye uzio, mkate wenye soseji mkononi. Mhesabu alifika kumi na mbili, na Leonie akaanza kukata.

"Leo Leonie ana haraka!" mtu alipiga kelele. "Umeacha kuku kwenye oveni, dada?"

"Hesabu kwa nguvu, babu, binti ana nta masikioni!"

Watu wakacheka. Leonie aliondolewa kwenye shindano, akashuka akimtukana mhesabu, akalipiga gogo teke hadi damu ikamtoka kwenye ukucha. Coralie aliutazama mkate wake. Alijiambia uwanja ulikuwa na kelele.

Mwezi wa Novemba alifika asubuhi bila taarifa, akaona doa la chai kwenye saruji ya banda, mbichi, na kiatu cha Leonie kikilifuta. Hawakutazamana. Tangu hapo alikuwa na sababu kila wiki. Baada ya Krismasi. Shule zikifunguliwa. Viazi vikishang'olewa. Akienda kumchukua mtoto atakuwa ameshamwambia dada yake kila kitu, kwa kuwa kwa mapatano yao kumchukua mtoto ndiko kumwambia. Leonie aliomba jambo moja tu maishani, asijue. Coralie, ambaye sarafu yake ilianguka upande wa keki, hakuona kama yeye ndiye wa kumnyang'anya.

Ikawa Machi. Asubuhi, bandani, Leonie alinyoosha mkono na kikombe chake, na Tamsin, tayari na sare ya shule, akahesabu pamoja naye kama alivyozoea.

"…kumi, kumi na moja, kumi na tatu…"

"Umeruka kumi na mbili, mama."

Leonie aligeuka. Kikombe kilipasuka ukutani. Alichukua mpini uliokuwa karibu na kumpiga mtoto mkono wa kushoto, juu ya kiwiko. Mfupa ulivunjika kwa pigo la kwanza. Akainua la pili, na Tamsin hakungoja. Alikimbia, mkono unaning'inia, akakata katikati ya matuta ya viazi kuelekea trekta la baba yake, akianguka na kuinuka, udongo mwekundu hadi usoni, hata Grant alipomwona kwa mbali hakutambua ipi ni damu.

Coralie alimkuta Leonie amekaa juu ya gogo, shoka mapajani.

"Umechelewa," Leonie alisema.

Coralie hakufungua mdomo. Alikuwa bado anajaribu kulishika lile patano, hata sasa.

"Uliona lini?"

"Oktoba."

"Miezi mitano." Leonie alitikisa kichwa, na kichwa kilipoanza kutikisika hakikuacha mara moja. "Nilikupiga ngumi kwa kunileta karibu na jambo hili. Nilikuvunja moyo, sasa nakulaumu. Lakini miezi mitano, Cora! Ana miaka minane!"

"Hukutaka kujua."

"Sikutaka kuambiwa! Nilitaka mtoto aondoke!" Alilitupa shoka chini, akasimama, akamsogelea mdogo wake hadi pumzi zao zikagusana. Alijigusa mdomo. "Rudisha."

"Nini?"

"Ile ngumi yangu. Rudisha. Mimi leo nimepiga mtoto, na hapa hakuna mtu wa kunipiga."

Coralie hakuwahi kumpiga kiumbe. Alikunja ngumi vibaya, kidole gumba ndani, akapiga. Mdomo wa Leonie ulipasuka. Akapiga tena, na mara ya tatu, huku analia kwa sauti kama mtoto chini ya kiti, kidole gumba chake kimeteguka bila yeye kuhisi maumivu. Leonie alisimama tu, mikono chini, akipokea, hadi Coralie akachoka.

"Imetosha?" Coralie aliuliza.

Leonie alitema damu. Alikaa chini kwenye vibanzi, kati ya vipande vya kikombe. "Walimsafisha damu," alisema. "Wale wa Melbourne. Walifanya kazi nzuri, siwalaumu. Damu yake ni safi kama maji. Nyumba hakuna aliyeipima." Akaokota kipande cha kikombe, akakitazama, akakiweka. "Nenda naye. Akitoka hospitali asipitie hapa. Na lile shoka ulichukue."

*

Tamsin akalelewa kwa mama yake mdogo. Grant alikuja kila Jumapili, akala kimya, akatengeneza chochote kilichoharibika. Mkono wa mtoto uliungana, ila haukunyooka sawasawa. Leonie alipelekwa makao yale yale ya Burnie, na baada ya miaka michache kiti chake nacho kikafunikwa magodoro. Tamsin alikwenda kumwona mara mbili kwa mwaka, akakaa mbali kidogo na mikono yake. Beryl, mzee sasa, alimlisha binti yake kwa mkono uleule mmoja.

Asubuhi moja Coralie aliingia jikoni kwake mapema kuliko kawaida. Tamsin, wa miaka kumi na sita, alisimama kwenye sinki amempa mgongo. Mkono wake uliopinda ulikuwa umenyooshwa hadi ulipoweza kunyooka. Juu ya kiganja palikuwa na kikombe kimejaa chai hadi ukingoni. Alikuwa kwenye tisa.

Coralie alingoja hadi kumi na tano.

"Tam. Wewe huna. Unajua huna."

"Najua, mama mdogo. Mimi nilifaulu mtihani kabla sijazaliwa." Alicheka kidogo, akanywa.

"Sasa kwa nini?"

Tamsin aliinua bega. "Sijui. Nisipofanya naona kama kuna mtu nyuma ya mlango."

Alhamisi ile Coralie alikwenda Burnie. Maneno ya Leonie yalikuwa yamebaki machache, na kila moja lilimgharimu dakika nzima ya kupigana na mdomo wake. Coralie alimnywesha chai kwa mrija, akamweleza alichokiona jikoni. Hakuwa na hakika kama anamweleza dada yake au anajieleza mwenyewe.

Mwili wa Leonie ulijirusha. Mkono ukatoka, ukampiga Coralie shavuni, ukaangusha chai, ukampiga tena, na Coralie hakujua ni mkono au ni Leonie. Hakurudi nyuma. Aliushika, akauminya juu ya paja lake, akausikia unavyoruka ndani ya mikono yake miwili kama samaki. Macho ya Leonie yalikuwa yametulia, yanamtazama. Taya, lile taya la Des, lilianza kazi. Aliishi miezi minne zaidi, lakini aliyoyasema siku ile ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya mwisho.

"Mwambie," Leonie alisema. Akapumzika. Akaanza upya. "Mwambie… anywe tu."